UZI: Kuzalisha rozimeri, thaimu, seji na viungo vingine vya matawi magumu nyumbani hapa Dar

#1 FundiMiche

Habari za humu wadau. Nauleta huu uzi kwa sababu swali linarudi kila mara: mtu ananunua mche mmoja wa rozimeri kitalu cha barabarani, unakaa barazani miezi michache, masika ikipita umekauka, anarudi kununua mwingine. Mche mmoja wenye afya unatosha kukupa miche mingine yote, ukijua pa kukata na ukijua ni nini hasa kinachoua vipandikizi katika hali ya hewa yetu.

Nazungumzia viungo ambavyo shina lake hugeuka mti: rozimeri, thaimu, seji, oregano, lavenda, bei lifu na karipata. Mbegu siyo njia nzuri kwa vingi kati ya hivi. Mbegu za rozimeri huota chache na polepole, halafu mche wa mbegu hauna uhakika wa kufanana na mama yake kwa harufu wala umbo. Kipandikizi ni mama yule yule.

Kipandikizi hakina mizizi. Kinanyonya maji kidogo tu kupitia jeraha la chini, huku majani yakiendelea kupoteza maji mchana kutwa. Kwa hiyo una kazi mbili: majani yakae kwenye hewa yenye unyevu, na kitako cha shina kikae mahali panapopitisha hewa. Dar hewa yenyewe ina unyevu wa kutosha karibu mwaka mzima. Ndiyo maana hapa vipandikizi vingi havifi kwa kiu, vinakufa kwa kulowekwa.

Wakati mzuri ni Juni hadi Agosti, kipindi cha kusi, joto likiwa limepungua na mvua zimekata. Januari hadi Machi joto ni kali, majani yanakauka kabla mizizi haijatoka. Aprili na Mei jua ni haba na kila kitu kimelowa, uozo unashinda. Siyo kwamba haiwezekani miezi hiyo, ila utapoteza vingi.

Sasa rozimeri, hatua kwa hatua.

Mwagilia mmea mama jioni, ukate kesho yake asubuhi kabla ya saa 2. Chagua tawi lisilo na maua. Lishike kwenye ncha ushuke nalo taratibu kwa vidole. Mwanzo ni kijani, laini, lina pembe nne, ukilipinda linalegea bila kukatika. Endelea kushuka, utafika mahali ganda linaanza kupata ukahawia hafifu na tawi likipindwa linakatika kwa mlio. Kitako cha kipandikizi kiwe hapo mpakani, ncha ibaki kijani. Ukishuka zaidi kwenye mti wa kijivu wenye ganda linalobanduka, mizizi hutoka kwa shida sana.

Urefu ni sm 10 hadi 12. Kata milimita 3 hivi chini ya fundo, yaani pale majani yanapokabiliana. Tumia wembe au kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti. Mkasi wa jikoni unaponda mishipa ya shina, na palipopondwa ndipo uozo unapoanzia. Ondoa majani yote ya nusu ya chini, moja moja, bila kuchuna ganda. Jani lolote litakalofukiwa litaoza na kuozesha shina.

Kama una unga wa homoni ya mizizi, chovya sm 1 ya chini na ukung'ute ziada. Toboa tundu kwa kijiti cha mshikaki kwanza, ndipo uchomeke kina cha sm 4 hadi 5, ukandamize pembeni kwa vidole viwili. Ukichomeka bila kutoboa, unga wote unabaki juu ya udongo. Chungu cha upana wa sm 15 kinabeba vipandikizi 6 hadi 8, vipange karibu na ukingo, majani yasigusane.

Mwagilia mara moja kwa upole ili mchanganyiko ushikane na shina, acha yachuruzike yote, funika kwa chupa kubwa ya maji iliyokatwa kitako. Weka penye mwanga mwingi lakini pasipo jua la moja kwa moja. Baada ya hapo usimwagilie mpaka sentimita ya juu ikauke. Fungua kifuniko cha chupa dakika 10 hivi kila siku hewa ibadilike. Wiki ya 4 hadi ya 6 vuta kidogo sana: kikikataa, kimeshika.

Nimeandika rozimeri kwa urefu kwa sababu nyingine zinafuata njia hiyo hiyo kwa tofauti ndogo. Karibuni kwa maswali na nyongeza.

#2 MpishiUpanga

Asante mkuu, umeeleweka. Swali: mtu asiye na mmea mama anaweza kutumia yale matawi ya rozimeri ya supamaketi, yaliyofungwa kwenye kisanduku cha plastiki? Na karipata la soko la Kisutu, yale mafungu ya majani ya mchuzi, yanaota?

#3 KigamboniShambani

Dada MpishiUpanga, nijibu yote mawili.

Rozimeri ya supamaketi inawezekana kama ni mbichi kweli. Angalia ncha: zikiwa nyeusi au zimelegea, baridi ya friji imeshaharibu, pikia tu. Majani yakiwa imara na shina likikwaruzwa kwa ukucha linaonyesha kijani kibichi chini ya ganda, linafaa. Lile jeraha la zamani limeshajifunga, kwa hiyo kata upya sm 1 hadi 2 kutoka chini, simamisha kwenye maji ya kawaida saa moja, kisha endelea kama FundiMiche alivyoeleza. Matawi hayo mara nyingi ni marefu na manene chini, usitumie lote. Chukua ncha za pembeni za sm 8 hadi 10. Panda mara mbili ya unayohitaji, maana hujui yamekaa safarini na kwenye friji muda gani.

Karipata la Kisutu ni habari tofauti kabisa, na hapa wengi wanapoteza muda. Kinachouzwa kwenye fungu ni majani, siyo matawi. Kile kinachoonekana kama kijitawi chenye majani madogo 11 au zaidi ni jani moja lililogawanyika, na ule uti wa katikati hauna jicho. Unaweza kukaa kijani kwenye maji wiki nzima lakini hautatoa mti, kwa sababu hakuna chipukizi pa kutokea. Ukitaka kujua kama ulichoshika ni tawi, tafuta kijicho kidogo kwenye kona ambapo jani limeshikana na shina. Kama hakuna kona wala kijicho, ni jani.

Njia za uhakika za karipata ni mbili. Mti mkubwa hutoa machipukizi kutoka kwenye mizizi, umbali wa hatua moja au mbili kutoka shinani. Chimba pembeni, kata kwa jembe dogo pamoja na kipande cha mzizi, punguza majani nusu, panda kwenye kiriba (mfuko wa plastiki wa miche) siku hiyo hiyo. Ya pili ni mbegu, lakini ziwe mbichi. Chuma tunda likiwa jeusi, ondoa nyama yote, osha, panda kina cha sm 1 ndani ya siku chache. Mbegu za karipata hupoteza uhai zikikauka, za pakiti iliyokaa dukani miezi hazioti. Mbegu zenyewe haziliwi, watoto wasichezee.

#4 Bi_Tabata

Mnasema mchanganyiko unaopitisha hewa. Perlaiti, vile vijichembe vyeupe vyepesi vya kuchanganya na udongo, haipatikani kirahisi na ikipatikana ni ghali. Naweza kutumia mchanga tu?

#5 FundiMiche

Unaweza, dada, ila siyo mchanga wowote. Wa pwani una chumvi, uache kabisa. Chukua mchanga wa ujenzi wa chembe kubwa, chekecha kwa chujio la chai ili vumbi litoke, kinachobaki kwenye chujio ndicho unachotaka. Osha kwenye ndoo mpaka maji yawe meupe. Mchanga laini kama ule wa kupigia plasta unashikamana ukilowa na kufukuza hewa, kwa hiyo jina mchanga peke yake halitoshi, tazama chembe.

Mchanganyiko unaofaa na unaopatikana hapa: mchanga mkubwa sehemu 2, vumbi la makumbi ya nazi sehemu 1, pumba za mpunga zilizochomwa sehemu 1. Pumba zichomwe mpaka ziwe nyeusi, siyo majivu meupe. Zimwagie maji ya kutosha na kuyamwaga kabla ya kuchanganya, kwa sababu majivu yake yana chumvichumvi kali. Usiweke samadi wala mboji hatua hii. Kipandikizi kisicho na mizizi hakihitaji chakula, na samadi inaleta vijidudu vya uozo.

Mchanganyiko ukiwa tayari, mimina maji yanayochemka polepole mpaka yatoke chini, acha upoe kabisa. Hapo umepunguza sana vimelea vya kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha miche michanga.

#6 KigamboniShambani

Niongezee kwenye makumbi, kwa sababu hapa pwani kuna tatizo lake. Makumbi mengi yanayotumika kutoa usumba hufukiwa au kulowekwa kwenye maji ya bahari ili yalainike. Vumbi lake linatoka limejaa chumvi ya bahari, na chumvi hiyo inaunguza kitako cha kipandikizi na mizizi michanga. Mtu anaona ncha za majani zinageuka kahawia anafikiri ni kiu, anaongeza maji.

Loweka kwenye ndoo ya maji baridi kwa muda wa saa 12, kamua, mwaga. Rudia mara tatu. Mwenye kipimo cha chumvi cha maji apime yale maji ya mwisho: yakiwa chini ya 0.5 mS/cm unaendelea bila wasiwasi. Asiye na kipimo aoshe mara ya nne.

Maji ya kumwagilia nayo yaangaliwe. Visima vingi vya Dar, hasa huku Kigamboni na maeneo ya karibu na bahari, vina chumvi. Kunywa unaweza kuvumilia, rozimeri changa haivumilii. Tumia maji ya bomba, ya mvua, au yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Ya kiyoyozi karibu hayana chumvi kabisa kwa sababu ni mvuke uliogeuka maji. Usikusanye siku fundi aliyosafisha mashine kwa dawa.

#7 GhorofaYaTano

Mimi nakaa ghorofani Kariakoo, baraza linatazama magharibi. Jua la jioni linaingia kuanzia saa 8 mpaka linazama. Chupa nimefunika lakini ndani panakuwa na mvuke mwingi na majani yanalegea. Nakosea wapi?

#8 FundiMiche

Kaka, chupa iliyofungwa kwenye jua la saa 9 alasiri ndani yake inapita nyuzi 40. Majani yanapikwa hata kama mvuke upo. Mvuke haupozi chochote ukiwa umefungiwa.

Fanya hivi. Shusha chungu sakafuni nyuma ya ukuta mfupi wa baraza ambapo jua halifiki, au tundika neti ya kivuli ya asilimia 70. Kanga nyepesi mbili zikipishana zinasaidia pia. Ondoa kifuniko cha juu cha chupa jua likianza kuingia, rudisha likizama. Chupa ya lita 12 ni bora kuliko ya lita 1.5 kwa sababu hewa ndani ni nyingi na haipati joto haraka. Chungu cha udongo kikae kwenye sinia lenye mchanga mbichi: maji yanayokauka kwenye ukuta wa chungu yanapoza kitako.

Kwa wenye uwanja, kumbukeni Dar tuko kusini mwa ikweta karibu nyuzi 7. Juni na Julai jua la adhuhuri linaegemea kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini wa nyumba unakuwa kivulini karibu siku nzima, na hapo ndipo pa kuweka vipandikizi. Desemba ni kinyume, jua linapita upande wa kusini. Ukiacha trei pale pale mwaka mzima, itaungua mwishoni mwa mwaka.

#9 DogoMbagala

Wakuu, homoni ya dukani lazima? Mtandaoni wanasema asali, mdalasini, shubiri, maji ya dafu, maji ya majani ya mlonge. Kipi kinafanya kazi?

#10 MtaalamuKitalu

Nitajibu kwa urefu kidogo mdogo wangu, maana hapa watu wanachanganywa.

Mizizi kwenye kipandikizi inaamshwa na kundi la homoni linaloitwa auksini. Mmea wenyewe unaitengeneza kwenye ncha na majani machanga, inashuka kuelekea chini, inajikusanya kwenye kitako. Ndiyo maana ncha ya kijani ibaki, na ndiyo maana kipandikizi kilichopandwa kichwa chini hakifanikiwi. Rozimeri, thaimu na oregano zinayo ya kutosha, unaweza kufanikiwa bila kuongeza kitu. Homoni ya dukani inaharakisha na kuongeza idadi ya mizizi. Kwa bei lifu inakuwa muhimu.

Ukinunua, soma lebo utafute herufi IBA, hiyo ni auksini ya kiwandani. Unga wa asilimia 0.1 ni wa matawi laini, 0.3 ni wa yaliyoanza kukomaa, 0.8 ni wa matawi magumu. Rozimeri na seji 0.1 hadi 0.3 inatosha. Kuzidisha siyo faida: kitako kinavimba, kinageuka cheusi, kinakufa. Mimina unga kidogo kwenye kisahani, na kilichobaki usikirudishe kwenye kopo, kimeshabeba maji na vimelea.

Sasa hivyo vya nyumbani. Mdalasini na asali siyo homoni ya mizizi. Mdalasini unapunguza ukungu kidogo, lakini unga mwingi unakausha jeraha. Asali ikiwa na maji ni sukari, na sukari kwenye udongo wenye joto inalisha kuvu. Shubiri inalinda jeraha lisikauke, haina madhara ukipaka kidogo, ila usitegemee ifanye kazi ya IBA.

Maji ya dafu na majani ya mlonge yana saitokinini, na hiyo ndiyo sehemu ambayo watu hawaambiwi. Saitokinini ni homoni inayochochea seli kugawanyika na machipukizi kutoka, na ikizidi inazuia mizizi. Maji ya nazi ni maarufu kweli kwenye sayansi ya mimea: mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake waliyatumia maabara kukuza viini vichanga vya mbegu za mmea uitwao datura. Lakini ile ilikuwa kulea viini ndani ya chupa safi zisizo na vimelea. Barazani kwako maji ya dafu ni sukari tena. Maji ya mlonge yapulizie kwenye miche iliyokwisha kushika na unayotaka itoe majani, usichovye vipandikizi.

#11 Bi_Tabata

Asante sana mtaalamu. Vipi kuotesha kwenye maji tu, kwenye glasi dirishani? Naona inapendeza na unaiona mizizi.

#12 MtaalamuKitalu

Rozimeri na oregano zinatoa mizizi kwenye maji, wiki 3 hadi 5. Seji na lavenda mara nyingi zinaoza kabla. Mimi siipendelei njia hiyo kwa sababu mizizi ya majini ni minene, inakatika kirahisi, na ikihamia kwenye udongo mingi inakufa, mche unaanza upya. Ukitaka kuitumia, hamisha mizizi ikiwa na sm 1 hadi 2, usisubiri iwe kichaka. Chombo kiwe cha rangi nyeusi au kizungushie karatasi, maana mwanga unaleta mwani. Majani yasiguse maji.

Na tafadhali, maji yabadilishwe kila baada ya siku 2. Mbu anayeeneza dengi hutaga kwenye maji safi yaliyotuama ndani na nje ya nyumba, na Dar tumeshapata milipuko ya dengi 2014 na 2019. Glasi yenye tawi la rozimeri inamtosha. Sahani za chini ya vyungu nazo zimwagwe.

#13 DogoMbagala

Vyangu vya rozimeri vina wiki 5. Vitatu vimekuwa vyeusi chini, vinne viko kijani na vimetoa majani mapya, lakini nikivuta vinatoka bila mzizi. Vingine viwili vimepukutika majani yote.

#14 FundiMiche

Hayo ni matatizo matatu tofauti, tuyatenganishe.

Vyeusi chini, weusi unaopanda kutoka kitako, shina laini ukilibonyeza: huo ni uozo. Toa vyote vitatu leo pamoja na mchanganyiko uliovizunguka. Chanzo ni maji mengi, mchanganyiko uliobana, au kisu kichafu. Jaribio rahisi ni kuchukua konzi ya mchanganyiko na kuikamua: matone yakidondoka, umelowa kupita kiasi. Unatakiwa uache ubichi mkononi bila tone.

Vya kijani vyenye majani mapya bila mizizi: usidanganywe na ncha mpya. Rozimeri inaweza kuchipua kwa akiba iliyomo ndani ya shina bila mzizi hata mmoja. Tazama kitako kwa makini. Kama kuna kinundu cheupe kilichovimba, jeraha limejifunga na mizizi iko njiani, rudisha. Ukitaka, kwaruza kwa wembe mstari wa sm 1 upande mmoja wa kitako, uondoe ganda tu, kisha chovya homoni na upande tena. Kama kitako kiko vile vile ulivyokikata, hakuna kinundu, basi huenda tawi lilikuwa gumu mno au mwanga ni hafifu. Na acha kuvivuta kila siku, mzizi mchanga unakatika ukivutwa.

Vilivyopukutika: shina likiwa bado kijani chini ya ganda lakini majani yamekauka na kudondoka, vilikosa unyevu hewani siku za mwanzo, pengine feni au upepo wa bahari ulikuwa unavipiga. Hivyo havirudi.

#15 MpishiUpanga

Tusaidieni thaimu na seji. Thaimu ni vijitawi vyembamba mno, hata kuondoa majani ni kazi.

#16 KigamboniShambani

Thaimu usihangaike na vipandikizi kama unao mmea mama, dada. Njia bora ni kuufukia katikati. Mmea wa thaimu ukizeeka unakuwa mtupu na mgumu katikati, majani yanabaki pembezoni. Tanua matawi kwa vidole, mimina mchanganyiko wa mchanga na vumbi la makumbi katikati mpaka matawi yafunikwe na ncha za sm 5 hadi 7 zibaki nje. Mwagilia kidogo ushikane. Kila mvua au umwagiliaji ukiosha, jaza tena. Baada ya wiki 6 hadi 8 fukua pembeni, utakuta nyuzi nyeupe za mizizi kwenye matawi yaliyofukiwa. Kata chini ya mizizi, kila tawi ni mche. Matawi yanaendelea kunyonya kwa mama muda wote huo, kwa hiyo hakuna linalokufa kwa kiu, na chupa ya kufunika haihitajiki.

Njia hiyo hiyo kwa rozimeri inayotambaa na oregano: inamisha tawi la pembeni mpaka liguse udongo, kwaruza ganda upande wa chini, libane kwa waya uliopindwa, fukia sm 2, ncha isimame nje.

Seji vipandikizi sm 8 hadi 10, lakini majani yake ni mapana na yana manyoya, yanashika maji na kuoza. Bakiza majani 4 juu, makubwa uyakate nusu kwa mkasi. Usinyunyizie maji majani ya seji jioni. Ikifungiwa mno bila hewa inapata ubwiri unga, ile poda nyeupe juu ya majani. Seji ndiyo ngumu kuliko zote kwa joto la Dar, hata ikishika. Mpe jua la asubuhi tu, mpaka saa 4.

#17 MtaalamuKitalu

Lavenda pia iwekewe angalizo. Ile ya majani membamba laini, Lavandula angustifolia, ni ya nchi zenye baridi, huku pwani inadhoofika. Inayovumilia zaidi ni Lavandula dentata, majani yake yana meno meno pembeni. Kata matawi yasiyo na kichwa cha ua, sm 8, mchanga uwe mwingi zaidi kwenye mchanganyiko, sehemu 3 kwa 1.

#18 MpishiUpanga

Na bei lifu? Pilau bila bei lifu kwangu haijakamilika.

#19 MtaalamuKitalu

Kwanza ujue unalotaka kuotesha. Majani makavu yanayouzwa kwenye maduka ya viungo yako ya aina mbili. Laureli halisi, Laurus nobilis, ina uti mmoja katikati na mishipa midogo inayotoka pembeni. Ile ya Kihindi, tejpata, ni ndugu wa mdalasini, ina mishipa mitatu mirefu inayokwenda sambamba kutoka kikonyo kuelekea ncha. Harufu ya tejpata inaelekea mdalasini na karafuu. Zote ni nzuri kwenye pilau, lakini ni miti tofauti.

Laureli ni ya subira. Tawi la mwaka huu lililoanza kukomaa, sm 10 hadi 15, bakiza majani 2 au 3 na uyakate nusu, homoni ya asilimia 0.3 hadi 0.8. Kwaruza ganda sm 2 upande mmoja. Inachukua miezi 3 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Nchi za baridi wanaweka umeme chini ya trei ili udongo ufike nyuzi 20 na kitu, sisi joto hilo tunalo bure. Kinachotushinda ni kutunza unyevu miezi yote hiyo bila uozo, kwa hiyo mchanga na perlaiti kidogo, makumbi yapungue. Ikitoa mizizi usiihamishe haraka, mizizi yake ni michache na minene.

Jambo la usalama: usikate tawi la mti wa uani kwa mtu kwa sababu tu majani yanafanana. Oleanda, yale maua ya waridi na meupe ya uzio, ina majani marefu magumu ya kijani kilichoiva na ni sumu kali sehemu zote. Vunja jani unuse. Laureli inatoa harufu kali ya kiungo, oleanda hainukii kiungo na inatoa utomvu. Ukiwa na shaka, liache.

#20 GhorofaYaTano

Zangu nimezihamishia kivulini, zimetulia. Zikishika mizizi nifanye nini, na masika ikifika je?

#21 FundiMiche

Vizuri kaka. Mizizi ikiwa na sm 2 hadi 3 na imeshikilia mchanganyiko, hamishia kila mche kwenye kiriba cha inchi 4 kwa 6 au chungu kidogo cha udongo. Usiruke moja kwa moja kwenye chungu kikubwa, udongo ambao mizizi haijaufikia unabaki umelowa. Mchanganyiko sasa: udongo wa kawaida sehemu 2, mchanga mkubwa 2, mboji iliyoiva 1. Shina lisifukiwe zaidi ya lilivyokuwa.

Kifuniko kiondolewe kwa awamu. Siku 3 za kwanza kwa muda wa saa moja wakati wa jioni, kisha usiku kucha, kisha siku nzima, jumla siku 7 hadi 10. Jua nalo liongezwe hivyo hivyo, mwanzo mpaka saa 3 asubuhi. Mche ukifika sm 12 kata ncha juu ya fundo utoe matawi. Usianze kuvuna mpaka ufike sm 20 hadi 25, na usichukue zaidi ya theluthi moja kwa mara. Usikate chini kwenye mti usio na majani, rozimeri kwa kawaida haichipui hapo.

Chunguza chini ya majani kila wiki. Vidung'ata, ule upamba mweupe kwenye makutano ya jani na shina, futa kwa pamba yenye spiriti. Utitiri unaonekana majani yakipauka kwa vidoti vidogo, osha kwa maji ya nguvu asubuhi, yakauke kabla ya usiku.

Masika: vyungu vyote vya rozimeri, thaimu, seji na lavenda viingie chini ya paa kabla mvua haijashika, mwishoni mwa Machi. Viinue juu ya matofali maji yapite, sahani za chini ziondolewe, nafasi kati ya chungu na chungu iwe kiganja kimoja hewa izunguke. Kumwagilia ni pale sm 3 za juu zikikauka, na wakati wa masika hiyo inaweza kuwa mara moja kwa wiki au isiwe kabisa. Usiweke mbolea mpaka Juni. Na kabla ya kuviingiza, kata ncha chache uziweke kwenye trei chini ya paa hilo hilo, ili mmea mama ukifa na mvua uwe na wa kuanzia.